Kosa la Hakimu, Mzigo wa Mtoto

Mwaka 2016 Tanzania ilibadili kifungu cha 127(2) cha Sheria ya Ushahidi: mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Sentensi moja tu. Hakimu aliposahau kuiandika, Mahakama ya Rufani imewahi kuufuta ushahidi wote wa mtoto, na aliyefungwa kwa ubakaji akaachiwa huru.

Mtaani watasema, “Ah, huyo kaponea kwenye karatasi.” Nawaelewa. Lakini nimeripoti kesi miaka kadhaa, na najua majaji wa rufani wanasoma karatasi. Hawakumwona mtoto akitetemeka wala mshtakiwa akikana. Tukilegeza hapo, tunamlegezea pia hakimu mvivu anayemfunga asiye na hatia.

Kinachonikera ni kingine. Tangu shauri la Fatehali Manji, 1966, kesi hairudiwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo yake. Sawa. Ila shauri hilohilo linasema hata kosa likiwa la mahakama yenyewe, kurudia si lazima. Basi hakimu kasahau, mbona anayelipa ni mtoto? Na nani humfuata nyumbani kumwambia kwamba hakuna jaji aliyemwita mwongo?