Mti Usio wa Chakula



Katika Kumbukumbu la Torati 20:19-20 Waisraeli waliagizwa kwamba, wauzingirapo mji siku nyingi, wasiipige shoka miti ya matunda. Mti unaojulikana kuwa si wa chakula, huo waliruhusiwa kuukata. Hapa kwetu Mpanda wapo wanaoipenda sana ruhusa hiyo. Husema, "Mninga hauliwi, basi ni halali yetu."

Tuutazame vizuri. Mninga ni wa jamii moja na maharage na kunde, ingawa tunda lake lina ubawa mwembamba na miiba katikati, wala hakuna apikaye. Lakini maua yake ya manjano huchanua karibu na mvua za kwanza, na nyuki huyaendea. Myombo nao ni wa jamii hiyo hiyo. Asali ya Inyonga yatoka wapi kama si katika misitu hii? Hata uyoga tuokotao masika, mwingi umeungana na mizizi ya miyombo, na miti ikiisha nao hutoweka. Basi mti huu ni wa chakula, ila hutulisha kwa mkono wa nyuki. (Ndugu warina asali, mti uliochunwa gome mzunguko mzima kwa ajili ya mzinga hufa. Mizinga ya mbao ipo.)

Tena tufikiri umri wake. Mche wa mninga hukauka kila kiangazi, au huunguzwa na moto, lakini mzizi hubaki hai ukinenepa chini. Huendelea hivyo miaka kadhaa kabla shina halijapata nguvu ya kusimama. Baada ya hapo huhitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Auangushaye leo hataona mche wake umefikia kimo hicho. Mwaka 2022 mkutano wa mataifa huko Panama uliamua kwamba biashara ya mininga ya Afrika kuvuka mipaka iwe kwa vibali. Mkurungu, ndugu yake, ulitangulia mwaka 2019.

Hatusemi mbao ni dhambi. Bwana wetu alilelewa nyumbani mwa seremala. Sheria yaruhusu kuvuna kwa kibali, na magogo hugongwa nyundo ya serikali. Shida yetu ni mbao za usiku, zenye bei nafuu na zisizo na alama, ambazo mwenyewe hapendi kuulizwa. Zikishushwa mlangoni pa kanisa hazigeuki kuwa safi. Daudi alikataa kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu (2 Samweli 24:24). Je, sisi tumtolee kilichowagharimu wajukuu wetu?

Basi mwenye mbao za viti vya kanisa na aje nazo pamoja na hati yake, aionyeshe kwa halmashauri. Asiye na hati arudi nazo. Tutaendelea kukaa kwenye matofali.