Kinyozi Hajinyoi, na Kioo Je?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Haya, nakubali. Lakini nauliza, ndugu msomaji: akinyolewa na kinyozi mwenzake, na wote wawili hawajui kunyoa, itakuwaje?

Swali hili lilinijia niliposoma habari za darubini ya Hubble. Ilirushwa Aprili 1990, ikiwa na kioo cha upana wa mita 2.4 kilichosuguliwa kwa ustadi wa ajabu. Kumbe kimekosewa! Ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi, kwa kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Picha zikatoka na ukungu. Kisa? Chombo cha kukipimia kioo ndicho kilichofungwa vibaya, lenzi yake imesogea milimita 1.3. Mafundi walisugua kwa uaminifu kabisa, wakifuata rula iliyopinda. Na kinachouma ni hiki: vipimo vingine viwili, vya vyombo duni zaidi, vilionyesha kasoro. Vikapuuzwa. Nani amsikilize maskini mbele ya tajiri? Ikabidi wanaanga wapande huko Desemba 1993 kuivisha darubini miwani.

Sasa tazama darubini ya James Webb, iliyorushwa 25 Desemba 2021. Kioo chake kikuu ni vioo 18 vya pembe sita. Mwanzoni mwa 2022 walipoielekeza kwenye nyota moja, zikaonekana nukta 18! Kila kioo na nyota yake. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, bwana. Wakasogeza kioo kimoja kimoja, wakiangalia nukta ipi imecheza, ili wajue ipi ni ya nani. Kufikia Machi vioo vyote vikawa vinaona kama kimoja.

Wengi wataishia hapo: umoja ni nguvu, makofi. Mimi sikubali. Vioo vile havikupatanishwa kwa kusifiana. Vilipatanishwa kwa nyota, kitu kilicho nje yao vyote, kisichojali nani kinara. Bila nyota, vingeweza kukubaliana na bado vikakosea pamoja.

Kijiweni kwetu tunasomeana hadithi. Niliwahi kuandika juu ya mama muuza maandazi. Washikaji wakasema, "Kali hiyo!" Binti mmoja, aliyelelewa kwa maandazi hayohayo, akauliza taratibu: "Huyu mama mbona hachoki mikono? Mbona hapigi hesabu ya unga?" Tukamcheka, eti hajui fasihi. Kumbe ndiye alikuwa kile chombo duni, na sisi wenye sifa ndio rula iliyopinda.

Je, basi tumwamini kila anayetukosoa? La. Chombo duni nacho hukosea. Ila vipimo viwili vikigombana, haki ni kusimama na kuuliza kwa nini, badala ya kuchagua kile kinachotupendeza. Hapo ndipo naona kosa la Hubble lilipovuka kutoka ufundi na kuingia katika maadili. Milimita 1.3 ni bahati mbaya. Kuziba masikio ni uamuzi wa mtu.

Hadithi ile naiandika upya. Sijagusa sentensi hata moja bado. Kwanza nimekwenda kumwomba radhi yule binti, na kumuuliza bei ya unga.