Sote Wenyeji?

Mwaka 2022, wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi, mitaa mingi nchini iliitisha mikutano ya kuzipa barabara majina kabla ya sensa ya Agosti. Nilihudhuria mmoja hapa Njombe. Bibi mmoja aliyejifunga kitenge juu ya sweta alisimama akapendekeza kwamba barabara inayoshuka bondeni iitwe jina la ukoo uliozika watu wake pale kabla mji haujafika. Hakuomba fidia, wala hakusema mtu ahame. Mtendaji alimsikiliza huku akibofyabofya kalamu, kisha akajibu: "Bibi yangu, mambo ya ukabila tulishayaacha. Hapa sote wenyeji." Watu wakapiga makofi. Barabara ikaitwa Amani.

Sina ugomvi na amani. Ugomvi wangu ni na yale maneno mawili.

Sitapoteza karatasi kufafanua watu wa asili ni akina nani. Umoja wa Mataifa wenyewe, ulipopitisha Azimio la haki zao Septemba 13, 2007, haukuweka fasili, na Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Msimamo wa serikali yetu ni kwamba Waafrika wote ni watu wa asili. Tuseme tu: waliokutwa. Inatosha kwa kazi yetu.

Sasa, hoja ya "sote wenyeji" hainikeri kwa kuwa ni ya uongo. Inanikeri kwa sababu inajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Bibi hakuuliza nani ni Mwafrika. Alisema nani alikuwa kwenye bonde lile. Mwaka 1955 ukimwambia gavana wa Kiingereza kwamba sisi ndio wenyeji, hilo lilikuwa dai. Leo ofisi ikimwambia hivyo bibi wa Kibena, ni namna ya kumnyamazisha kwa adabu.

Tena dola hii hii inajua vizuri sana habari ya kutangulia. Hudhuria usuluhishi wa mgogoro wa shamba la viazi kijijini uone. Swali la kwanza: nani alifyeka pori hapa? Wazee wanaitwa, wanaonyesha kaburi la babu, wanaonyesha mianzi iliyopandwa mpakani na nani aliigema ulanzi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaitambua hakimiliki ya kimila na kuipa hadhi sawa na hati ya serikali. Kwa hiyo kutangulia ni ushahidi ikiwa kunahusu ekari mbili za viazi, ila kukihusu historia ya watu kunageuka ukabila. Nimewauliza wenzangu kadhaa tofauti iko wapi. Wananiambia nisichokoze mambo.

Nyuma ya "sote wenyeji" kuna dhana ambayo haisemwi: kwamba utambuzi ni debe la mahindi, ukimpimia huyu lazima yule apunjwe. Lakini mfanyabiashara wa Kikinga aliyejenga duka Makambako angepungukiwa na nini barabara ikiitwa jina la ukoo wa Kibena? Yeye anajua kuliko ofisi yoyote kwamba kwao ni Makete. Mzee wake akifariki, msafara unakwenda huko. Ujuzi huo haujawahi kuvunja duka la mtu. Watu wa huku wanaishi pamoja huku wakijua barabara nani ametoka wapi, na wanataniana juu yake. Ni ofisi tu inayodhani umoja wetu utasimama kwa kusahau.

Na wala haisahau kila kitu. Njombe kuna kata inaitwa Yakobi, jina lililotokana na kituo cha wamisionari wa Berlin. Septemba 1905, katika vita vya Maji Maji, Wabena wa Mtemi Mbeyela walikishambulia kituo hicho wakarudishwa nyuma. Wajerumani waliteketeza vyakula nyanda zote za kusini, na njaa ikawamaliza wengi waliosazwa na bunduki. Jina la kituo limedumu, na sijasikia mkutano ambao mtu amesimama kusema Yakobi ni ukabila.

Wapo wanaonikumbusha kwamba kuhesabu makabila kumeleta damu kwa jirani zetu, ndiyo maana sensa yetu haijauliza kabila tangu 1967. Hilo nalikubali. Wengine wanasema Wabena ndio wengi Njombe, si kama Wahadzabe wa Yaeda au Wamasai wa Loliondo. Ni kweli pia.

Kila nikiwaza habari za wenyeji huishia kwenye miwati, na msomaji anivumilie. Mti huu kwao ni Australia. Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa mwaka 1949 kuulima huku kwa ajili ya maganda yake, ambayo hutoa tanini ya kutengenezea ngozi. Siku hizi ni kuni, ni mkaa, na unajiotea wenyewe kandokando ya barabara. Mwambie mtoto wa Njombe kwamba mwati ni mgeni, atakucheka; ameota moto wake tangu anazaliwa. Msitu wa Nyumba Nitu, ambao Wabena wanauheshimu kwa mizimu, haukupandwa na kampuni. Umesalimika kwa kuogopwa. Je, muda peke yake unatosha kumfanya mgeni awe mwenyeji? Kwa mti, labda. Mti hauulizwi ulikuta nini.

Juni 2014 baraza la jiji la Vancouver, Kanada, lilikiri rasmi kwamba mji wao uko juu ya ardhi ya Wamusqueam, Wasquamish na Watsleil-Waututh, ardhi ambayo haikuwahi kukabidhiwa. Kukiri huko peke yake hakukurudisha kiwanja, na wapo wanaolicheka tamko hilo. Mimi silicheki, ila najaribu kuiandika sentensi kama hiyo kwa ajili ya Njombe na inanishinda. Niwaandike Wabena peke yao, wakati baadhi yao walishahamia bonde la Kilombero na ukoo mmoja una makaburi pande zote mbili? Nani ataipokea, ikiwa utemi ulifutwa mara baada ya uhuru? Mkoa wenyewe ni wa 2012. Anayetambua ni mdogo kuliko anayetambuliwa.

Makambako ndiyo inanivuruga kabisa. Ni njia panda ya Songea, Mbeya na Iringa, mji uliokuzwa na reli ya TAZARA. Ukianza kuandika orodha ya waliokutwa, hujafika mbali unawakuta mafundi wa reli, wauza mbao na wachuuzi wa miaka ya sabini, ambao wajukuu wao hawana kwingine. Sijaona ni kwa haki gani ningeweka nukta kabla yao, wala kwa haki gani ningewaweka mstari mmoja na ukoo wa yule bibi.