Msimfungie Mtoto Pumzi Yake Kabatini

Wanangu mnaopangiwa kufundisha shule za umma za huku Mbooni, nawaandikia kabla baridi ya Juni haijashuka. Mji wetu wa Kikima mtaupenda. Udongo una rutuba, maparachichi yanajiangukia njiani, na watoto wa vilima hivi wanajua kusalimia. Lakini kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hukawia kuondoka, na hapo ndipo vifua vya baadhi ya watoto hubana. Mmoja wao atakaa darasani mwako. Mimi nilikuwa naye, na kwa nilivyomtendea sina budi kuwaonya.

Ilikuwa Julai, nami ni mwalimu wa zamu. Wanafunzi sita walichelewa paredi, nikawaamuru wazunguke uwanja mara tatu. Mvulana mmoja wa darasa la 6 akabaki nyuma, akaniambia, "Mwalimu, kifua." Neno hilo tu. Nilikwisha kuzoea wachelewaji wenye tumbo, wenye jino na wenye kifua, nikamnyooshea kidole uwanjani. Akakimbia, maana alikuwa mtoto mtiifu. Mzunguko wa pili akasimama, akashika mlingoti wa goli kwa mikono miwili, mabega yamepanda mpaka masikioni. Nilipomvua sweta niliona ngozi ya katikati ya mbavu ikizama ndani kila alipovuta pumzi.

Dawa yake ilikuwepo. Mama yake aliileta Januari ndani ya bahasha yenye jina lake, na kwa kuwa shule ilikataza mtoto kukaa na dawa, ikafungiwa kwenye kabati la ofisi. Siku hiyo ufunguo ulikuwa mjini Wote, mfukoni mwa mtu aliyekwenda mkutanoni. Tukavunja kabati kwa jembe. Inhela tukaipata, tukaitikisa, tukambonyezea mdomoni, haikutoa kitu. Ilikuwa imekwisha, na hakuna aliyewahi kuhesabu.

Kilichomwokoa ni pikapu ya maparachichi iliyopita barabarani. Hospitalini walimpa oksijeni na dawa ya mvuke, akalala huko siku mbili. Mama yake hakunifokea. Aliniuliza, "Kwani hakukuambia, Mwalimu?"

Alikuwa ameniambia.

Basi la kwanza ninalowasihi: mtoto akisema kifua, mwamini papo hapo. Ikiwa amekudanganya, umepoteza mizunguko mitatu ya uwanja. Na mizunguko yenyewe kama adhabu iacheni kabisa; Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inakataza adhabu ya mwili. Mbio huamsha pumu, hasa asubuhi ya baridi. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Thorax lilichapisha utafiti wa watoto wa shule wa Nairobi na Murang'a, waliopimwa pumzi kabla na baada ya kukimbia. Wa mjini waliobanwa walikuwa wengi zaidi, lakini hata wa mashambani hawakuwa haba. Kwa hiyo msidanganyike kwamba hewa safi ya vilimani inatosha kumlinda mtoto. Wala simaanishi mtoto wa pumu asicheze. Acheze sana, dawa ikiwa karibu, na aanze polepole mpaka mwili upate joto.

Ukitaka kujua anachopitia, kata bua la jani la mpapai, lile jembamba kabisa, ziba pua, upumue kwa hilo bua huku ukipanda ngazi. Ndani ya mapafu vijia vya hewa vimevimba, misuli inayovizunguka imekaza, na makamasi yameziba penye nafasi. Hewa huingia kwa shida, na kutoka ni shida zaidi. Ndiyo maana anapiga mluzi kifuani. Nanyi muogope zaidi mluzi huo ukikoma ghafla huku mtoto bado anahangaika. Wengi hudhani amepata nafuu, kumbe hewa haipiti tena ya kutosha hata kutoa sauti. Mtazame midomo na kucha kama zimegeuka rangi. Mwulize jina lake na la babake. Akishindwa kumaliza sentensi moja, mambo yameharibika.

Hapo usimlaze. Mketishe wima, ainame mbele kidogo, umlegeze kola, uwaondoe watoto wanaomzunguka. Mpe inhela ya bluu, ile ya salbutamol, mpulizo mmoja mmoja, hata kufika kumi, na usingoje wa kumi uishe ndipo utafute gari. Mwenzako awe tayari barabarani.

Wazazi wengi huku watawaambia kwamba inhela humzoesha mtoto, kwamba akishaanza hataiacha. Neno hilo nimelisikia sokoni, kanisani, hata kwa walimu wenzangu. Si kweli, na limewazika watu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba pumu iliua watu 455,000 mwaka 2019, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Ya bluu hufungua njia za hewa kwa haraka. Ya kuzuia, ambayo mara nyingi ni ya rangi ya kahawia, hutuliza uvimbe polepole, na huvutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, kisha asukutue mdomo. Mkiona mtoto anaitumia ya bluu karibu kila siku, mwiteni mzazi, mumwambie kwa upole arudi kliniki, maana ugonjwa umeshawazidi nguvu.

Kuna jambo ambalo laiti ningelijua wakati ule. Mtoto mdogo akibonyeza inhela mdomoni moja kwa moja, dawa nyingi hugonga koo na kuishia hapo. Anahitaji chombo cha kuikusanya ili aivute taratibu, na hicho cha dukani wazazi wengi hawakimudu. Mwaka 1999 Profesa Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita hufanya kazi hiyo vizuri. Unapasha waya moto, unatoboa kitako cha chupa tundu lenye umbo la mdomo wa inhela, unaichomeka, unaziba pembeni kwa gundi ili hewa isivuje. Mtoto anaweka mdomo wake penye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anapumua mara tano au sita. Ioshe kwa maji ya sabuni, uiache ikauke yenyewe bila kuifuta. Nimetengeneza nyingi tangu nistaafu, na wajukuu zangu wamejua kunihifadhia chupa.

Juu ya vumbi sitasema mengi, maana mtaliona wenyewe Septemba kabla mvua hazijarudi. Nyunyizeni maji kabla ya kufagia, mtoto wa pumu asipewe zamu ya ufagio wala ya kukung'uta dasta, na akae mbali na jiko la shule siku mahindi ya muthokoi yanapochemshwa kwa kuni mbichi.

Inhela iwe mfukoni mwa mtoto mwenyewe, au ya mdogo sana iwe mezani kwa mwalimu wake, mahali asipohitaji ruhusa ya mtu. Iandikwe jina na tarehe iliyofunguliwa. Nyingi zina mipulizo 200, nazo hazionyeshi iliyobaki, kwa hiyo wekeni alama kwenye daftari. Uingereza, tangu Oktoba 2014, sheria inaruhusu shule kuweka inhela ya akiba kwa dharura. Sioni kwa nini halmashauri ya shule na wazazi wa Kikima wasikae pamoja na daktari wao wakalipangia jambo hilo; bei yake haizidi ya mpira wa miguu.

Yule mvulana hakurudi kwetu. Mama yake alimhamisha, na haki alikuwa nayo.

Muhula ukifunguliwa, siku ya kwanza, kabla ya kugawa vitabu, ulizeni darasani nani ana pumu. Kisha nendeni ofisini mkaulize ufunguo wa kabati uko kwa nani.