Upendo Ujuao Kungoja

Somo: Mwanzo 29:15–30, na 2 Samweli 13:1–22



Siku hizi vijana wetu wa Bariadi, na wengine walioko Itilima na Meatu, hutazama katika simu michezo ya katuni itokayo nchi za mbali. Mmoja ulio mashuhuri ni The Simpsons wa Marekani, ulioanza mwaka 1989, nao wasimulia mambo ya nyumba moja yenye baba, mama na watoto watatu. Katika sehemu moja ya mwaka 1992, mtoto Bart, mwenye miaka 10, ampenda binti wa jirani aliyemzidi umri. Siku moja binti amwambia kwamba amempata kijana ampendaye, mkorofi wa mtaa ule. Bart aona kana kwamba moyo wake umeng'olewa kifuani na kupigwa teke mpaka jaani. Mwishowe yule mkorofi aaibika kwa woga wake, binti amwacha, naye Bart na binti wacheka pamoja. Katika nusu saa yote yamekwisha.

Hatuwalaumu waichekao hadithi hii. Bali twasema, limo ndani yake neno moja la kweli na moja lisilo la kweli. La kweli ndilo hili: moyo wa kijana huumia hasa. Mzazi akimcheka mwanawe katika jambo hili, amfundisha kuficha. Na kijana afichaye huenda kutafuta shauri kwa wasio na shauri. Lisilo la kweli ni kwamba mambo haya hupita upesi, wala hayaachi alama. Yule Bart hakui. Miaka zaidi ya 30 imepita, naye yu wa miaka 10 vile vile. Lakini watoto wa Simiyu hukua, na siku iliyopita hairudi.

Basi na tuyatazame Maandiko, ambamo twaona watu wawili waliosema kwamba wapenda.

Wa kwanza ni Yakobo. Alimpenda Raheli, wala hakuwa na mali ya kumpa Labani. Basi akatoa jasho lake, akachunga mifugo miaka saba. Msukuma aelewa habari hii upesi, maana aijua kazi ya kuchunga, ajua na mahari ya ng'ombe. Miaka saba ni misimu saba ya pamba: kulima, kupanda, kupalilia na kuchuma, mara saba. Hata hivyo Maandiko yasema kwamba Yakobo aliiona kuwa siku chache tu. Na alipodanganywa kwa kupewa Lea, akakubali kutumika miaka saba mingine. Upendo wake ulijua kungoja, kwa sababu alimtaka Raheli mwenyewe, wala si kuituliza tamaa yake tu.

Wa pili ni Amnoni, mwana wa Daudi. Naye alisema kwamba ampenda Tamari, hata akakonda. Lakini hakuweza kungoja. Alijifanya mgonjwa, akamwita chumbani, na Tamari alipomsihi aseme kwanza na mfalme, hakumsikia, akamtenda jeuri. Mara ile chuki yake ikawa kubwa kuliko mapenzi aliyoyasema. Akamtoa nje, na mtumishi akafunga mlango kwa komeo.

Hapa yatupasa kunena wazi juu ya nyumba yetu. Katika Usukuma imejulikana desturi iitwayo chagulaga: vijana humzunguka binti njiani, atokapo ngomani au mnadani, wakamwambia achague mmoja wao. Kisha husemwa, “Amechagua mwenyewe.” Je, aliyezungukwa huchaguaje? Kuchagua kuna maana pale tu mtu awezapo kusema, “Sitaki,” akaenda zake kwa amani. Njia ile si ya Yakobo.

Tena mtazameni Daudi. Alipopata habari alikasirika sana, lakini hatusomi kwamba alimwadhibu Amnoni. Katika kimya kile Absalomu alitunza chuki miaka miwili, kisha akamwua ndugu yake. Wazazi, mmesikia? Mara nyingi binti wa shule akipata mimba, wazee husema, “Tulimalize nyumbani.” Ng'ombe huhama zizi, na binti haulizwi neno. Serikali yetu, kwa sheria ya mwaka 2016, iliweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mwanafunzi mimba. Mkristo asiwe mtu wa kumficha mkosaji kwa sababu ya ng'ombe watano.

Na sisi wa kanisa tujipime. Yule mtumishi alilifunga komeo kwa amri ya bwana wake. Je, sisi twalifunga kwa amri ya nani? Binti hutengwa mbele ya usharika wote, na kijana aliyeshiriki naye huendelea kuimba kwaya. Marudi ya namna hiyo si ya haki. Tangu Novemba 2021 serikali imewafungulia wasichana walioacha masomo kwa ajili ya uzazi mlango wa kurudi shuleni. Itakuwa aibu mlango wa shule ukiwa wazi na mlango wa kanisa umefungwa.

Kwa hiyo, enyi vijana, akuambiaye kwamba akupenda, mpime kwa neno moja: je, aweza kungoja? Akikuharakisha, akikuitia gizani, akikukataza kuwaambia wazazi, umekwisha kumjua. Enyi wazazi, wasikilizeni wana wenu kabla hawajaingia taabuni. Nanyi walimu wa kanisa, katika darasa la kipaimara msiifundishe Amri ya Sita kwa kutisha tu; wasimulieni na Yakobo, wapate kujua kwamba upendo ni kitu chema, na kwamba chema chastahili kungojewa.

Mungu, atungojaye sisi sote kwa uvumilivu mwingi, awalinde watoto wetu na kuyafungua macho yetu. Amina.