Swali Ambalo Yesu Alimwuliza Baba

Somo: Marko 9:14-29



Habari ya baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu tunaijua. Mathayo anauita ugonjwa wa kijana huyo kifafa. Wanafunzi walikuwa wameshindwa, waandishi wanabishana, watu wamejaa. Katikati ya makelele hayo Bwana alimgeukia baba kwanza, akamwuliza hali hiyo ilianza lini. Baba akajibu kwamba ilianza utotoni.

Mwuguzi yeyote wa kliniki huuliza vivyo hivyo. Lakini hapa Rhino Camp swali hilo huchelewa. Kijana akijifungia ndani, watu husema ni kiburi, ni bangi, ni uchawi uliotufuata kutoka nyumbani. Miaka miwili inapita.

Wataalamu wanasema theluthi moja ya maradhi ya akili huanza kabla ya miaka 14, na karibu nusu kabla ya miaka 18. Basi yanaanza mtoto akiwa bado anakula nasi sahani moja. Anayeweza kuyaona kabla ya daktari ni mama, shangazi, mwalimu wa Shule ya Jumapili. Mtazameni asiyelala usiku wiki nyingi, aliyeacha mpira na kwaya, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyeanza kunywa waragi, anayesema afadhali afe.

Neno hilo la mwisho msilipuuze hata mara moja. Kijana huyo asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Eliya naye aliomba kufa, chini ya mretemu (1 Wafalme 19), wala Mungu hakumwita mwasi. Malaika alimpa mkate na maji, akalala, akala tena, ndipo safari ikaendelea. Sisi ambao familia zetu nyingi zilikatiwa posho mwaka 2025 tunaelewa kwa nini mkate ulitangulia.

Wengine watasema: Mchungaji, andiko linasema ni pepo. Tunaomba, na tutaendelea kuomba. Bwana mwenyewe alitaja maombi. Ila angalieni, hakumfunga kijana kamba, hakumpiga, hakumnyima chakula. Alimshika mkono akamwinua. Na Luka, rafiki wa Paulo, alikuwa tabibu. Anayemwambia mzazi atupe dawa za kifafa ili aonyeshe imani anamhatarisha mtoto: dawa hizo zikiachwa ghafla, kifafa huweza kurudi kwa nguvu hata kuua.

Mzazi aanze kwa mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, kisha kituo cha afya. Matibabu hayalipiwi. Hali ikizidi, kituo humwandikia rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua, yenye kitengo cha afya ya akili. Kifafa nacho hutibiwa huko, kwa hiyo anayeonekana kwenye foleni ile asiitwe kichaa. Nendeni na jibu la swali la Yesu: ilianza lini, analalaje, anakulaje, nini kilitangulia.

Akina mama nao wasidharau vikundi vya kusikilizana. Hapahapa Rhino Camp wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti uliotangazwa mwaka 2020. Baadhi yao walikutana mara tano, wakasikiliza mafundisho yaliyorekodiwa juu ya kukabili msongo, wakiongozwa na watu wasio madaktari. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakuwa katika vikundi hivyo. Mama aliyetulia huona haraka mtoto anapobadilika.

Kinachowakwamisha wengi ni boda. Kwa hiyo kuanzia mwezi huu sadaka ya wahitaji italipa kwanza nauli ya kijana aliyepewa rufaa kwenda Arua, pamoja na mtu mmoja wa kumsindikiza. Mzazi amwone shemasi wa zoni yake, hata usiku. Jina la mtoto halitatajwa mbele ya kanisa.