Heshima ya Mzee Askari

Katika vijiji vingi yuko mzee aliyekuwa askari. Bunduki aliirudisha zamani. Sasa analima muhogo au anatengeneza nyavu, na vijana humwita «Kaporali», ingawa wazazi wake walimpa jina jingine. Je, anastahili heshima kwa ajili ya kazi ile? Mkatekumeni anayejifunza amri ya nne hana budi kulipima vema swali hili, maana katika nchi ya Kongo si swali jepesi.

Kwanza yafaa kutenga heshima na woga. Mwenye bunduki akipita, watu humwamkia upesi na kumpa kuku. Hiyo siyo heshima. Woga huisha siku silaha inapoondoka. Heshima huanza siku hiyohiyo. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kumpima kwa haki askari mstaafu kuliko yule aliye kazini, kwa kuwa mstaafu hana tena cha kutishia.

Pili, cheo si kipimo. Jenerali David Musuguri alizaliwa Butiama, Tanganyika, mwaka 1920. Mwaka 1942 aliingia jeshi la Waingereza lililoitwa Keya. Toka 1980 hata 1988 alikuwa mkuu wa majeshi ya Tanzania. Kisha akarudi kuishi kwao Butiama, akafariki mwaka 2024 mwenye miaka 104. Huku Kongo, Albert Kunyuku alitumikia Force Publique katika vita ileile ya dunia, akabaki kaporali. Je, alikuwa mtu duni? Sivyo. Katika jeshi lile, mpaka uhuru wa mwaka 1960, Mwafrika hakupewa cheo cha ofisa, hata awe hodari namna gani. Tarehe 8 Juni 2022, mjini Kinshasa, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvika nishani, naye mzee amekwisha fikia miaka 100. Utumishi wake ulikuwa umekamilika tangu zamani. Nishani ndiyo iliyochelewa.

Tena wako wasiokuwa na cheo chochote. Watu husimulia ushindi wa Tabora mwaka 1916, na ule wa Saïo, Uhabeshi, mwaka 1941. Lakini mizigo ya vita ya Tabora ilichukuliwa vichwani na maelfu ya wapagazi, na wengi walikufa njiani kwa njaa na maradhi. Asiyewakumbuka hao huheshimu tarumbeta tu, wala haheshimu kazi.

Tatu, ukweli usifichwe. Force Publique hiyohiyo, siku za Mfalme Léopold wa Pili, ilichoma vijiji vilivyokosa kuleta mpira. Na mjini Kongolo, tarehe 1 Januari 1962, askari waliwaua wamisionari 20. Mtu aliyemzika ndugu yake aliyeuawa na wenye silaha hawezi kuamriwa ashangilie kila vazi la kijeshi. Basi, je, kila askari adharauliwe? Hapana. Kosa ni la mtendaji, na sifa vilevile ni ya mtendaji. Vazi halina dhambi wala thawabu. Wala neno «niliamriwa» halitoshi, maana amri ya mkubwa haigeuzi uovu kuwa wema. Askari walipomwuliza Yoane Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi yao. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia, akawataka watosheke na mshahara wao.

Hicho ndicho kipimo. Alipokuwa na nguvu mkononi, mnyonge alipata nini kwake? Na aliporudi, aliwaletea nini watu wake? Aliyezoea kuamka mapema, kushika zamu na kugawa chakula sawasawa aweza kuwa nguzo ya kijiji: ataongoza kazi ya kufyeka njia, atatuliza ugomvi, atafundisha vijana kutimiza neno lao. Huyo asifiwe wazi. Aliyetenda mabaya asinyimwe chakula wala maji ya uzee, kwa kuwa yeye pia ni mtu. Lakini sifa haitolewi bure. Njia yake ni kukiri, na kurudisha alichoweza kurudisha.

Mwisho, heshima ni deni, na deni hulipwa mdai angali hai. Asante ya punda ni mateke, mwanadamu asiige. Huko Kinkondja, penye mto Lualaba na ziwa Kisale, hapana haja ya kumngoja mfalme. Mvuvi aweza kumtengea mzee fungu la samaki. Kijana aweza kuezeka upya nyumba yake kabla ya mvua. Ajuaye kuandika aweza kumwandikia barua ya kuomba pensheni yake. Na wote waweza kuketi na kumsikiliza, si habari za ushindi tu, bali hata zile anazozisema kwa sauti ndogo.